Mtoto Asomaye na Mtoto Ahifadhiye

 

Ndugu zetu wa darsa, na wasomaji wote wa karatasi hii, mwezi uliopita baada ya sala ya Ishai alisimama mzee mmoja miongoni mwetu akatuuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule. Alisema: "Mjukuu wangu yuko skuli mwaka wa nne sasa, na chuoni yuko tangu hajang'oka meno ya utoto. Juzi nimempa karatasi ya maji anisomee nadaiwa kiasi gani, akaitazama kama niitazamavyo mimi. Basi miaka yote hiyo alikuwa akisoma nini?" Watu walicheka. Mzee hakucheka, na sisi pia hatukucheka, kwani tulikuwa na sababu yetu, nayo tutaieleza hapo mbele.

Jawabu ya suala lile tuliipata mbali na pwani. Ndugu zetu wanaosomesha katika madrasa moja ya mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, walitualika tukae nao wiki tatu, na katika wiki hizo walimu wa skuli ya jirani walituruhusu kuingia madarasani mwao asubuhi na kukaa nyuma pamoja na watoto. Tunawashukuru, kwani si kila mwalimu hupenda kutazamwa akifanya kazi.

Wabera ni sehemu ya mji wa Isiolo, na kutoka Mombasa ni safari ya zaidi ya kilomita 700 kwa njia ya Nairobi na Nanyuki. Imeitwa kwa jina la Daudi Dabaso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliyeuawa kwa risasi mwezi wa Juni 1963, miezi michache kabla ya Kenya kupata uhuru. Wakaao huko ni Waborana, na Wasomali ambao baadhi ya babu zao walikuwa askari wa Vita vya Kwanza wakapewa makao hapo, na Wameru, na Waturkana, na Wasamburu, na wengineo. Mtoto wa Kiborana wa Wabera mamake humwamsha kwa Kiborana. Akitumwa dukani husema Kiswahili. Skuli huandikiwa Kiingereza ubaoni. Na duksi, kwani ndivyo wanavyokiita chuo huko, hukuta Kiarabu. Hizo ni lugha nne na hati mbili, moja ikianza kulia na moja ikianza kushoto, naye hajatimiza miaka saba. Mtoto wa Mombasa au wa Lamu ana nafuu kubwa, kwa kuwa Kiswahili ni cha kwao. Lakini nafuu hiyo hutuficha sisi makosa yetu. Makosa yale yale huko yako wazi, na kwa hiyo tumeona heri kuyasimulia ya Wabera ili tuyatambue ya hapa.

Siku ya pili tuliingia darasa la watoto wadogo. Mwalimu, naye ni mtu wa bidii asiyekosa siku hata moja, alisoma mstari wa kitabu kwa sauti, na watoto wote wakaurudia kwa pamoja. Akasoma wa pili, wakaurudia. Ukurasa ulipokwisha waliusoma wote kutoka juu hata chini bila ya kusaidiwa, kwa sauti moja nzuri, hata mtu apitaye njiani angesema, Mashaallah, hawa wanajua. Jirani yetu kitini alikuwa mtoto wa kike mchangamfu kuliko wote. Naye aliusoma ukurasa mzima hali macho yake yako dirishani, akimtazama punda wa maji. Tulipomaliza tuliomba ruhusa, tukamfungulia ukurasa mwingine, ambao bado haujasomeshwa, tukamwonyesha neno "maji". Neno hilo lilikuwa katika ukurasa alioutoka kuusoma, mara tatu. Akatutazama, akatazama picha iliyo juu ya ukurasa, picha ya kuku, akasema: "Kuku."

Mwalimu alifadhaika. Tulimwambia asifadhaike, kwani hakuna aliyepata kosa hili zaidi kuliko sisi.

Na hapa ndipo penye sababu tuliyoiahidi. Miaka kadha nyuma, katika chuo chetu sisi wenyewe, alikuwako kijana mmoja aliyekaa nasi miaka mitano. Alihifadhi Juzuu Amma yote, kwa sauti ambayo watu walisimama barazani kuisikiliza, na kila mgeni alipokuja tulimtanguliza yeye. Skuli alikuwa darasa la tano. Siku moja tuliandika ubaoni tangazo fupi la Kiswahili kuhusu likizo ya Idi, tukamwita alisome mbele ya wenzake kwa kumkirimu. Alisimama kimya. Tukadhani ana haya. Tukampa msahafu, tukamfungulia Sura ya Maryam ambayo hajaihifadhi, tukamwambia asome aya moja tu. Akalia. Ikadhihirika kuwa hajui herufi. Kwa miaka mitano alikaa katikati ya watoto wanaojua, akiwafuata kwa mdomo nusu pumzi nyuma yao, na sikio lake lilikuwa jema mno hata hakuna aliyemtambua, wala chuoni wala skuli. Kesho yake hakuja. Mamake alikuja kutwambia kuwa amekataa kusoma kabisa, chuo na skuli, na anataka kwenda kubeba mizigo sokoni. Miaka mitano tulimsifu mbele ya watu, na katika miaka mitano hiyo hatukumkalisha peke yake mbele yetu hata mara moja tukamwuliza: hii ni herufi gani?

Sasa tazama, ewe ndugu msomaji, namna lugha yetu inavyotusaidia kujidanganya. Sisi husema mtu "anasoma" akiwa anatoa aya kifuani mwake hali amefumba macho; na "anasoma" akiwa ameandikishwa skuli hata kama hutoroka; na "anasoma" akiwa anatazama maandishi ambayo hakupata kuyaona maishani mwake na kuyatambua. Neno moja kwa kazi tatu. Kuhifadhi Qur'ani ni fadhila kubwa na hatusemi neno juu yake. Lakini kuhifadhi ni kazi ya sikio, na kusoma hati ni kazi ya jicho, na mtoto aliyepewa moja hakupewa ya pili. Mzazi hulipa ada ya zote mbili akidhani ni kitu kimoja.

Basi kusoma hati hufundishwaje? Twasema kwa ufupi, kwani wengi wenu mwalijua: mtoto hana budi kujua kuwa kila alama ina sauti yake, na kwamba sauti zikiunganishwa hufanya neno. Katika Kiswahili jambo hili ni jepesi kuliko katika lugha nyingi. Irabu ni tano tu, wala hazibadiliki. Karibu kila silabi huishia na irabu. Na liandikwavyo neno ndivyo lisomwavyo. Mtoto aliyejua ma, me, mi, mo, mu na ja, je, ji, jo, ju tayari anaweza kusoma "maji", na "jamaa", na "moja", bila ya kusomewa na mtu. Aghlabu mtoto akifundishwa kwa taratibu hii hupata kusoma maneno ya kawaida katika mwaka mmoja. Zinazomtatiza ni zile zilizoungana, kama mb, nd, ng', ny na mw, nazo zapasa kuwekwa nyuma na kufundishwa moja moja, wala si kumwagiwa zote kwa siku moja.

Na katika chuo twajua njia ya kale: alifu fat-ha a, alifu kasra i, alifu dhumma u. Njia hii imetoa maulamaa, wala hatuwi watovu wa adabu tukisema kuwa ni ndefu. Mtoto hutaja jina la herufi, kisha jina la alama, kisha sauti, na wengi huimba wimbo wote huo bila ya kujua kuwa kinachotakiwa ni ile sauti ya mwisho peke yake. Ndugu zetu wa Indonesia waliliona hili. Mwalimu mmoja wa Yogyakarta, As'ad Humam, alitoa katika miaka ya 1980 vijitabu sita viitwavyo Iqro', ambavyo humfanya mtoto asome a, ba, ta moja kwa moja tangu ukurasa wa kwanza, na majina ya herufi akajifunza baadaye. Vilienea nchi nzima, na leo ni wachache huko wanaorudi njia ya zamani. Ikiwa Waislamu wa Java waliweza kubadili njia bila ya kubadili dini, sisi twaogopa nini?

Lakini Wabera ilitufunza jambo jingine ambalo hatukulijua. Tulimsikiliza mtoto wa Kisomali akisoma kitabu cha Kiswahili. Penye "panda" alisema "banda". Mwalimu akamsahihisha, akarudia "banda", darasa likacheka, mtoto akafunga kitabu. Je, mtoto huyu alikosa kusoma? Tuliandika maneno yote mawili kwenye karatasi, "panda" na "banda", tukamwambia mwalimu mwenzetu wa duksi amwulize kwa Kisomali ni lipi la kupanda mti na ni lipi la kutia mbuzi. Akayaonyesha yote mawili bila ya kukosea. Jicho lake lilikuwa sawa. Ulimi ndio uliokataa, kwani Kisomali hakina sauti ya p, wala v, wala z. Kiborana nacho sauti hizo tatu si zake za asili, ila hukujia katika maneno ya kuazima. Makosa ya jicho na makosa ya ulimi ni mawili mbali, na dawa zake ni mbili mbali. La jicho hurudiwa herufi. La ulimi huachwa lipite, mpaka mtoto apate kuzoea. Mwalimu asiyepambanua haya humwambia mtoto anayejua kuwa hajui, na mtoto humsadiki.

Na sisi tusijione tumesalimika. Waarabu nao hawana p wala v, na ndiyo sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa katika karne ya kumi na tisa, na baada yake Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, walitafuta alama za kuzidisha juu ya herufi za Kiarabu ili Kiswahili kipate kuandikwa jinsi kinavyosemwa. Wao walibadili herufi ili zifuate ulimi wa watu, wala hawakuwapiga watu ili ndimi zifuate herufi. Leo mtoto wa Mvita akikuta "macho" kitabuni akasoma "mato", au akakuta "nchi" akasoma "nti", wako walimu wanaomwambia amekosa na kumtoa nje. Kiswahili cha vitabu kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kifuate lafdhi ya Unguja, na kimetufaa, lakini mtoto hakuhudhuria mkutano ule. Aliyesoma "mato" ameonyesha kuwa maana imemfikia. Mwambie kwanza kuwa amefahamu, kisha mwekee kidole juu ya ch, umwonyeshe kuwa hapa kitabu kimesema vingine.

Twaja sasa kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha darsa hii. Chuo cha zamani kilikuwa na adabu moja ambayo skuli imeipoteza, na chuo chenyewe chaanza kuipoteza: kila mtoto alikwenda peke yake mbele ya mwalimu wake na juzuu yake mkononi, akasomeshwa, akasikilizwa, akarudi mahali pake kudurusu, akaja mwingine. Katika kikao hicho hapana pa kujificha. Mtoto anayefuata wenzake kwa mdomo angejulikana siku ya pili. Tulipojenga madarasa ya saruji, tukaweka madawati yote yakielekea ubao, tukaona kuwa ni maendeleo watoto sitini kusema kwa mara moja. Na sauti kubwa ikatufurahisha.

Mwalimu wa Wabera alitwambia: "Sheikh, hayo ni maneno mazuri, lakini mimi nina watoto sitini na kipindi cha nusu saa." Ana haki. Tangu ada ya skuli za msingi za serikali ilipoondolewa mwaka 2003 madarasa yamejaa, na hilo ni jambo la heri, kwani aliyekuwa nje ameingia ndani. Basi tulikaa naye jioni tukapiga hesabu juu ya mkeka. Watoto sitini kwa siku tano ni watoto kumi na wawili kwa siku. Dakika moja kwa kila mtoto ni dakika kumi na mbili. Zabakia kumi na nane za kufundisha wote. Kwa hesabu hiyo hapana mtoto atakayepita wiki nzima bila ya kusikilizwa peke yake. Dakika moja ni chache, lakini inatosha kumjua nani anasoma na nani anaimba, na mwalimu akishajua, nusu ya kazi imekwisha.

Na dakika hiyo ina kipimo. Mpango wa serikali ulioitwa Tusome, ulioingia skuli za msingi za serikali Kenya nzima mwaka 2015, uliwapa watoto wa madarasa ya chini kitabu kila mmoja chake, jambo ambalo peke yake lastahili shukrani, na uliwafunza walimu kumsikiliza mtoto kwa dakika moja na kuhesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Kwa Kiswahili alitarajiwa afikie maneno 45, na kwa Kiingereza 65. Wako walioona ni upuzi kumhesabia mtoto maneno kama mahindi. Sisi twaona kuna hekima ndani yake: mtoto anayelivunja kila neno silabi kwa silabi hufika mwisho wa sentensi hali amekwisha kusahau mwanzo wake, na maana haimfikii hata akiwa amezitamka herufi zote. Ila mwepesi asiyefahamu naye ni kasuku, kwa hiyo baada ya dakika ile aulizwe suala moja tu: nani kafanya nini?

Na wale arobaini na wanane wafanye nini mwenzao anaposikilizwa? Waandike. Hapa duksi za Wabera zilitutia haya sisi watu wa pwani. Huko bado mtoto huandika aya juu ya lohu la mti kwa wino wa masizi, huisoma mpaka akaiweka kifuani, kisha huliosha lohu na kuandika nyingine. Sisi tuliacha mbao zetu zilipokuja juzuu za kupigwa chapa, tukaona tumepata raha, na raha hiyo imetugharimu mkono wa mtoto. Mdomo huweza kufuata midomo ya wengine. Mkono hauna wa kumfuata, ukiwa mwalimu amesema neno na kila mtoto na karatasi yake. Maneno matano ya imla kila siku, mawili kati yake wasiyopata kuyaona kabla, humwambia mwalimu habari za darasa zima. Kisha wabadilishane karatasi, kila mmoja aitazame ya mwenziwe. Hili si jambo la kuzua. Muhammad bin Sahnun wa Qayrawan, aliyekufa mwaka 870, aliandika kitabu juu ya adabu za walimu wa watoto, na ndani yake amejuzisha watoto wasomeane imla wao kwa wao, kwa kuwa yawafaa, maadamu mwalimu ataitazama kazi yao mwenyewe.

Kisha mtoto aandike lake mwenyewe. Tuliwaomba watoto wa darasa la tatu waandike mistari mitatu juu ya kitu wanachokijua. Mmoja aliandika kuwa ngamia wa babu yake amekwenda Merti na hakurudi, na kwamba babu hali chakula. Alikosea herufi katika maneno manne. Mwalimu alikwisha kuinua kalamu nyekundu, tukamzuia kidogo, tukamwuliza mtoto ngamia aitwa nani. Akatueleza kwa muda mrefu. Mtoto aliyejua kuwa karatasi yaweza kubeba habari ya ngamia wa babu yake hatahitaji kulazimishwa kuandika mara ya pili. Na herufi zile nne zilisahihishwa baada ya hapo, tena kwa raha.

Tumebakiwa na suala la lugha, nalo ndilo linalowakera wazazi. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, na mtaala mpya ulioenezwa kutoka mwaka 2019 umeshika mwendo huo huo: katika miji yenye makabila yaliyochanganyika, lugha hiyo huwa ni Kiswahili. Wazazi, wa Wabera na wa hapa, hawapendi. Wataka Kiingereza tangu siku ya kwanza, na hujigamba wao kwa wao kuwa mtoto wa fulani akiulizwa hali hujibu kwa Kiingereza. Ndugu zangu, Kiingereza twakitaka na hatuna la kufanya bila yake. Lakini ni lugha ambayo neno huandikwa hivi likasomwa vile, na mtoto wa kwanza kukutana na maandishi kwa njia hiyo hudhani kuwa maandishi hayana kanuni, bali ni ya kukisia, naye hukisia maisha yake yote. Aanze kwa lugha iliyo sikioni mwake na iliyo na kanuni iliyonyoka. Akishakijua kisomo chenyewe ni nini, atakihamisha aendako.

Wala rai hii si ya Wazungu. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, ameeleza namna watu wa Maghribi walivyokuwa wakimfundisha mtoto Qur'ani peke yake, na namna watu wa Andalus walivyochanganya na mashairi na lugha na mwandiko, akaonyesha kuwa wa Andalus waliwashinda wenzao katika kuandika na kusema. Akataja rai ya Kadhi Abu Bakr bin al-Arabi kuwa mtoto aanzishwe lugha na hesabu, kisha ndipo aingie katika Qur'ani, asije akasoma asichokifahamu. Ibn Khaldun aliisifu rai hiyo, ila akasema kuwa ada za watu haziikubali, na kwamba mtoto yuko mkononi mwa mzazi wakati wa udogo tu, hivyo watu wachelea asije akaikosa Qur'ani. Sisi hatuwaambii mwondoe watoto chuoni. Twawaambia kuwa suala hili limezungumzwa na wakubwa wetu zaidi ya miaka mia sita nyuma, basi msituone tumeleta bidaa. Na yeye huyo amesema pia kuwa ukali humharibu mwanafunzi, humfundisha uwongo na kuficha. Kijana wetu yule wa Juzuu Amma aliificha hali yake miaka mitano. Alijifunza kwa nani kuficha? Kiboko chetu kilikuwa kikining'inia ukutani.

Wapo watakaosema: kusoma kwa skuli si kazi ya masheikh. Tutawajibu kwa jambo moja wanalolijua. Baadhi ya mateka wa Badr waliokuwa hawana mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Waliofundisha walikuwa ni makafiri, na kilichofundishwa kilikuwa ni kalamu.

Enyi wazazi, na khasa akina mama ambao hamkupata kusoma: msidhani kuwa hamwezi kumjua mtoto wenu. Kwa muda wa miaka mingi wachunguzi wa Uwezo, walioanza kazi yao mwaka 2009, walikwenda majumbani Kenya, Uganda na Tanzania wakiwapa watoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na kila mwaka walikuta watoto wa madarasa ya juu wasioweza kuisoma. Kazi waliyoifanya wao mwaweza kuifanya jikoni. Mwambie mwanao asome akiweka kidole chini ya kila neno; kidole kikikimbia mbele ya mdomo, au kikibaki nyuma, huyo anaimba. Funika picha kwa mkono. Mwambie aanze mstari wa mwisho apande juu. Mchagulie neno moja ukurasa huu, umwambie alitafute ukurasa mwingine. Hata wewe usiyejua herufi utaona kama yale mawili yafanana. Dakika tano zatosha, kabla ya chakula, mtoto akiwa hajaanza kusinzia, kwani asubuhi alikuwa skuli na jioni chuoni, na mwili ni mwili.

Kijana yule tulikwenda kwao siku tatu mfululizo kumtaka radhi. Siku ya tatu alitoka. Tulikubaliana kuwa atakuja baada ya Alasiri, wenzake wakiwa wameshakwenda, asionekane na mtu. Tulianza na ma, me, mi, yeye na umri wake wa miaka kumi na mmoja, na sisi na ndevu zetu. Ilichukua miezi minne kwa Kiswahili, na hati ya Kiarabu ikafuata kwa upesi zaidi kuliko tulivyotaraji, kwa kuwa kila aya aliyoifikia alikuwa anaijua tayari, na sasa alikuwa akiona kwa jicho kitu ambacho sikio lake lilikihifadhi. Siku moja mamake alituletea bajia zilizofungwa katika karatasi ya gazeti. Aliikunjua, akaipangusa mafuta, akaanza kutusomea bei za ng'ombe wa mwaka uliopita, na hatukuweza kumnyamazisha mpaka karatasi ikesha.

Walimu wa Wabera wameomba vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vidogo, vyenye maandishi makubwa, kwani watoto wamevimaliza walivyo navyo na wamevihifadhi, na sasa mwalimu hawezi kujua nani anasoma. Aliye navyo, hata vilivyochakaa, avilete darsani Alhamisi baada ya Ishai. Mzee mwenye karatasi ya maji amekwisha kuleta vitatu, na amesema kuwa mjukuu wake atavisoma kwanza mbele yetu kabla ya kutiwa ndani ya basi.